Sauti ya Binti Yangu Iliyofunikwa kwa Kinanda

Mmeshanichosha. Kila mgeni akikanyaga hapa, "Bibi, hadithia zile diski." Mimi si redio ya kuwashwa na kila mwenye kidole. Nasema leo, kisha mniache nipumzike.

Binti yangu alikufa akaacha mtoto mdogo na kanda za video za nyumbani. Humo anacheka, anakohoa, anamwogesha mwanawe na kumwita Kibonge. Mjukuu wangu alikua haikumbuki sauti ya mama yake. Deki yetu ilishakufa siku nyingi. Akataka kanda zihamishiwe kwenye diski za HD, amsikie mama yake akisema. Hilo tu, hakuomba dunia.

Baba yake alikuwa amemwoa Kidoti, shoga wa marehemu. Tulimwita hivyo kwa doa lililo juu ya mdomo wake. Msibani alilia kunishinda mimi niliyezaa, nami nikamwita mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo niliifua kwa mikono yangu.

"Nipeni kanda nizipeleke kwa fundi," akasema. "Mimba hii bado inaniruhusu kutembea."

Diski zilipokuja tukakaa wote sebuleni, mchana kweupe. Picha safi, mpaka povu la sabuni unaliona likipasuka. Binti yangu akafungua mdomo. Kikatoka kinanda. Akafunga mdomo. Kinanda kikanyamaza.

"Bibi, mbona hasemi?"

"Kanda zilioza, mwanangu," Kidoti akawahi. "Fundi kajitahidi."

Sikusoma, lakini kinanda gani hicho kinachosubiri mtu afungue mdomo? Nikaenda kwa fundi.

"Si mimi, bibi," akasema, macho chini. "Kanda lazima icheze yote ndiyo iingie kwenye diski. Yule mama aliketi hapo, hedifoni masikioni, akisikiliza peke yake. Marehemu akisema tu, ananiambia, hapo funika. Kanda kaondoka nazo akazichome."

"Na sauti ya mwanangu iko wapi?"

"Iliingia masikioni mwake, bibi. Kwingine haipo."

Nilimkuta jikoni anakata vitunguu.

"Nyoka wee. Nilikuita mwanangu."

Hakukana. Akanong'ona, "Nimechoka, mama. Kila siku marehemu, marehemu. Nilitaka anyamaze, na mimi niitwe ma..."

Neno likakatika. Sauti ikageuka.

"Kibonge, njoo mama akuoshe."

Ilikuwa ya binti yangu.

Kidoti akaziba mdomo. Sauti ikapenya vidoleni. Kisu kikaanguka. Kikaja kikohozi. Kikaja kicheko. Yakaja maji yakimwagika kwenye beseni, na jikoni hapakuwa na beseni. Nikamtoa mikono mdomoni. Midomo ilikuwa imefumbwa.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Mama?"

Kisha sauti ikasema polepole, "Njoo. Huyu usimwogope. Ni chombo tu."

Kanda zile nazijua zote. Maneno hayo hayakuwemo.

Kidoti alijifungua salama, mtoto wa kike. Tulizunguka hospitali zote, wakasema koo ni zima. Tukazunguka kwa waganga wa vitabu na wa vibuyu, wakala kuku wetu wakaenda zao. Sauti nyingine hana. Akitaka kumwita mwanawe, linatoka "Kibonge", na anayeitika ni mjukuu wangu.

Sauti yake mwenyewe tuliikuta kwenye diski. Kinanda kimetoweka, hakuna aliyekitoa. Binti yangu anafungua mdomo kwenye runinga, na anayebembeleza ni Kidoti, akitaja jina la mtoto ambaye diski zikitengenezwa alikuwa bado tumboni.

Mtoto anaijua sauti aliyoisikia tumboni. Hutambaa mpaka kwenye runinga, akaubusu mdomo wa marehemu na kuita, "Mama."

Kidoti akimnyanyua, hulia kama kashikwa na mgeni.