Jiwe la Kilo Kumi

Kila Jumamosi kabla ya mazoezi, Yasmini aliteka maji, akafagia ua, kisha akapimwa uzito kwenye mzani wa dagaa wa mama yake. Mzani huo ulining'inia kwenye boriti ya kibanda chao karibu na ufuko wa Ujiji. Ulikuwa na uso wa duara kama saa, na chini yake kulabu nene. Yasmini alipitisha mikono kwenye kitanzi cha kamba, akakunja magoti, na mama yake akasoma mshale.

"Thelathini na nane. Kama wiki iliyopita. Unatafuta nini, mwanangu?"

"Nataka kujua tu, mama."

Mama alilizoea jibu hilo. Yasmini alikuwa na miaka kumi na miwili, na daftari lake lilijaa mambo aliyotaka kujua tu: hatua kutoka nyumbani hadi shuleni, siku ambazo ziwa lilichafuka, na matokeo ya kila pambano lake la mieleka.

Jumamosi hiyo haikuwa ya mazoezi. Wageni walikuwa wanakuja. Klabu ya watoto ya Ujiji ilipambana na klabu moja tu, ya kijiji cha Rubimba, kilichoko milimani upande wa kaskazini. Wakati ule hapakuwa na klabu nyingine ya karibu yenye wasichana. Rubimba walikuwa na msichana mmoja wa uzito wa Yasmini. Jina lake Kaneza. Familia yake ilitoka Burundi miaka mingi iliyopita na sasa ililima kahawa na maharage huko Rubimba. Yasmini alikuwa amemshinda mara tatu katika mapambano matatu.

Wageni walifika saa tano, wakiwa sita pamoja na kocha wao, Mzee Nduwayo. Kama kawaida, walikwenda moja kwa moja kwenye mzani wa Mama Yasmini, ambao klabu iliutumia, kando ya uwanja. Ilibidi kuharakisha, kwa sababu boti ya kuwarudisha ingeondoka bandarini Kibirizi saa kumi.

Mwalimu Feliksi, kocha wa Ujiji, alishika simu yake. Klabu hizo mbili zilikuwa na kanuni: kila klabu hupima watoto wake nyumbani asubuhi na kutuma uzito kwa ujumbe wa simu, ili wapinzani wapangwe sawa. Ambaye uzito wake ukipimwa uwanjani unatofautiana na ujumbe kwa kilo moja au zaidi, anaanza pambano akiwa nyuma kwa alama mbili.

"Kaneza. Ujumbe unasema thelathini na nane," alisoma Mwalimu Feliksi. Aliangalia mshale. "Thelathini na sita na nusu."

"Tena!" Bariki alipaza sauti. Yeye ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote katika klabu ya Ujiji, na maneno yake yalikuwa mazito vilevile. "Jamani Rubimba, huko kwenu mnapima kwa mzani au kwa maneno?"

Watoto wa Ujiji walicheka. Kaneza alishuka kwenye kamba bila kumtazama. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Mimi si mwongo," alisema.

"Basi kilo moja na nusu imeruka ikaenda Kongo?"

"Bariki, nyamaza," alisema Mwalimu Feliksi. Hata hivyo, aliandika alama mbili. Wengine watatu wa Rubimba waliandikiwa vilevile.

Pambano la Yasmini na Kaneza lilikuwa na raundi tatu. Katika raundi ya kwanza Kaneza alikuwa mwepesi. Alimshika Yasmini kiunoni na kumwangusha mara mbili. Katika raundi ya tatu mikono yake ililegea ghafla. Yasmini alimwangusha, mwamuzi akapuliza filimbi. Tano kwa nne. Bila zile alama mbili za mwanzo ingekuwa tatu kwa nne. Yasmini aliandika matokeo kwenye daftari, na kando yake akachora alama ya kuuliza. Akafunua kurasa za nyuma. Hata ushindi wake wa mara tatu zilizopita ulikuwa wa raundi ya tatu. Akachora alama za kuuliza tatu zaidi.

Baada ya mapambano Mzee Nduwayo alimfuata Mwalimu Feliksi.

"Mwalimu, hii ni mara ya nne watoto wangu wanaitwa waongo. Asubuhi niliwapima mwenyewe."

"Mzani wetu umekaguliwa, mzee wangu. Una muhuri wa wakaguzi wa vipimo."

"Na wetu ni wa chama cha kahawa. Nao una muhuri. Njooni basi mpime huko kwetu."

Mwalimu Feliksi alisita. "Unajua sisi ndio tunaopika kila mara. Wali, samaki, chai. Nanyi mnasafiri. Naona tumegawana mzigo."

"Kama hamji, basi sisi hatutarudi," alisema Mzee Nduwayo kwa utulivu. "Siwezi kuwaleta watoto mbali hivi ili waitwe waongo."

Jioni Yasmini alimsimulia mama yake huku wakichambua dagaa. Mama alimsikiliza, kisha akauliza jambo ambalo Yasmini hakulitegemea.

"Nyinyi huwa mnawapokea wapi?"

"Uwanjani."

"Uwanjani! Shangazi yako akija kutoka Kasulu, tunamngoja sebuleni?"

"Hapana. Tunakwenda stendi, tunampokea mizigo."

"Sasa hao wanashukia Kibirizi. Kutoka Kibirizi wanafikaje hapa?"

Yasmini alifunua kurasa moja baada ya nyingine. Daftari lake lote halikuwa na jibu.

Jumatatu alimwendea Mwalimu Feliksi. Mwalimu alifundisha sayansi, na alipenda maswali yenye njia ya kujibiwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Tukipima jiwe hapa, halafu tulipime Rubimba, tutajua mzani gani unakosea. Jiwe halisemi uongo."

"Marahaba. Na jiwe tutalifikishaje?"

"Nitalibeba mimi!" alidakia Bariki. "Hata kama ni la kilo ishirini. Nataka niwaumbue mbele ya kijiji chao."

Walichagua jiwe moja la nanga ufukoni. Lilipima kilo kumi kamili. Mwalimu Feliksi alimpigia simu Mzee Nduwayo, na wazazi wakakubali.

Jumamosi ya mwezi uliofuata, saa kumi na moja alfajiri, watoto sita wa Ujiji walikunywa uji na kupimwa. Yasmini kilo thelathini na nane. Bariki kilo hamsini na mbili. Mwalimu alituma ujumbe Rubimba, kisha akauliza jinsi wenzao wanavyofika kutoka Kibirizi. Jibu la Mzee Nduwayo lilikuwa fupi: "Kwa miguu. Nauli yetu ni ya boti tu."

"Basi nasi tutakwenda kwa miguu," alisema Mwalimu Feliksi. "Jaribio lazima liwe sawa."

Walitembea zaidi ya saa mbili. Walipofika Kibirizi jua lilikuwa limechomoza, na jiwe lilikuwa limelowesha shati la Bariki mgongoni kote. Watu walipakia magunia, vichanja vya dagaa vilinuka, na boti ilijaa abiria hadi pembezoni. Yasmini alitoa chupa yake ya maji. Mwanamke aliyeketi jirani, mwenye kapu la vitunguu, akamzuia mkono.

"Binti, usinywe sasa. Ni saa mbili na nusu majini, na humu hakuna choo. Sisi wanawake hatunywi mpaka tushuke."

Yasmini aliirudisha chupa kwenye mkoba, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Boti haikuwa na paa. Jua lilipanda, maji yakaakisi mwanga usoni mwao, na midomo yake ikaanza kukauka. Ndipo alipoikumbuka midomo ya Kaneza. Alitoa daftari akaandika: "Saa tatu na dakika ishirini. Sijanywa chochote tangu alfajiri."

Baada ya kushuka kulikuwa na mlima, na kwa kuwa walikuwa wamechelewa hawakusimama kunywa. Bariki alibeba jiwe kwa bega la kulia, kisha la kushoto, kisha akalikumbatia tumboni.

"Nikupokee?" Yasmini aliuliza.

"Niache," Bariki alihema. "Nimesema nitalibeba."

"Bado unataka kuwaumbua?"

Bariki alilirudisha jiwe begani, akaendelea kupanda.

Nusu ya Rubimba ilikusanyika kwenye ghala la kahawa. Mzee Nduwayo alitundika jiwe kwenye mzani. Mshale ulitikisika, ukatulia. Kumi kamili.

Mizani yote miwili ilikuwa sahihi.

"Sasa nipimeni mimi," alisema Yasmini.

Mshale ulisimama kwenye thelathini na saba. Bariki alipima hamsini na nusu. Alikodoa macho, akashuka, akapanda tena. Hamsini na nusu.

Kaneza alikuwa amesimama karibu na mlango. "Ego," alisema, yaani ndiyo kwa lugha ya kwao. "Kilo zenu nazo zimeruka Kongo?"

Ghala zima liliangua kicheko. Bariki aliinamisha kichwa, kisha naye akacheka kidogo.

Mwalimu Feliksi hakucheka. Alichukua daftari la Yasmini, akasoma saa za safari, akaguna.

"Ni maji," alisema taratibu. "Jasho la safari ya zaidi ya saa tano, na hakuna aliyekunywa. Mwili uliopungukiwa maji hivyo unachoka mapema. Ndiyo maana Kaneza hulegea raundi ya tatu."

"Mwalimu, tunaanza na alama mbili nyuma?" aliuliza Yasmini.

Mzee Nduwayo aliinua mkono. "Binti, tunaweza kuiacha kanuni leo. Tumeshaelewa sote."

"Hapana, mzee. Wao walianza nyuma mara nne. Nataka kujua inakuwaje."

Alijua. Raundi ya kwanza alipigana vizuri. Ya pili mapaja yalianza kutetemeka. Katika ya tatu aliona mkono wa Kaneza ukija, akajua afanye nini ili aukwepe, lakini mwili haukumtii. Saba kwa mbili. Kaneza alimvuta akainuka, akamletea kata ya maji.

"Kunywa kidogo kidogo," alisema. "Ukinywa yote kwa mkupuo utatapika. Mimi nilitapika mara ya kwanza, njiani tukirudi."

"Mbona hamkutuambia?"

"Mngesema ni visingizio."

Yasmini alifikiri, akaona kwamba ni kweli. Wangesema hivyo hivyo.

Siku hiyo makocha walikaa na daftari la Yasmini na kuandika kanuni upya. Klabu zitasafiri kwa zamu. Wageni watafika Ijumaa na kulala katika nyumba za wenyeji. Uzito utapimwa Jumamosi asubuhi, baada ya kulala, kula na kunywa. Wenyeji watawapokea wageni pale boti inapotia nanga, si uwanjani, na watawasindikiza hadi hapohapo siku ya kurudi. Safarini, boti itaombwa itue ufukoni mara moja ili watu wajisaidie, na kila mtoto atamaliza chupa yake ya maji. Jiwe litakaa ghalani Rubimba, na watoto wa huko wakija Ujiji watakuja nalo na kurudi nalo, ili mizani yote miwili iendelee kulinganishwa.

Baada ya miezi miwili, Ijumaa alasiri, klabu nzima ya Ujiji ilisimama ufukoni Kibirizi. Boti ilipotia nanga, Bariki aliingia majini hadi magotini na kumpokea Kaneza jiwe.

"Kaneza, nilikuita mwongo," alisema. "Mbele ya watu. Nilikosea."

"Uliikosea mizani pia," alijibu Kaneza. "Haya, tembea. Njia ni ndefu, naijua."

Usiku ule Kaneza alilala chumba kimoja na Yasmini. Asubuhi alilalamika kwa Mama Yasmini kwamba mwenyeji wake anapiga mieleka hata usingizini. Mama alicheka, akawapa uji na viazi, akawapima yeye mwenyewe. Thelathini na nane. Thelathini na nane.

Pambano lilianza sifuri kwa sifuri. Mara hii mikono ya Kaneza haikulegea katika raundi ya tatu. Yasmini alitumia kila mbinu aliyoijua, na ilipobaki nusu dakika walikuwa tatu kwa tatu. Kaneza alimshika mguu mmoja, akamsukuma hadi nje ya duara. Filimbi ikalia. Nne kwa tatu, kwa Kaneza.

Yasmini hakufurahi kushindwa. Aliketi mchangani na kuandika matokeo. Mwalimu Feliksi alisimama nyuma yake, akaziona zile alama nne za kuuliza kwenye kurasa za zamani.

"Na hili hujaliwekea alama ya kuuliza?"

"Hapana, Mwalimu. Hili najua ni la kweli."

Mwalimu aliwaita watoto wote.

"Mimi ni mwalimu wa sayansi," alisema. "Nilihakikisha kwamba mzani wetu uko sawa, nikaridhika kwamba nimetenda haki. Sikuwahi kuuliza wenzetu wanapita wapi na wanafika katika hali gani. Nilidhani kwa kuwa tunapika, tumetimiza sehemu yetu. Mchezo wa haki hauanzi filimbi inapolia. Unaanza pale mmoja anapotoka nyumbani kwake. Mkitaka kujua mzigo wa mwenzenu una uzito gani, ubebeni kwanza, ndipo mseme." Alimgeukia Mzee Nduwayo. "Mzee wangu, niwie radhi."

"Yamekwisha, Mwalimu," alijibu Mzee Nduwayo. "Mwezi ujao ni zamu yenu. Kwetu kuna maharage mengi."

Siku iliyofuata, wageni walipokuwa wakifunga mizigo, jiwe halikuonekana popote. Walilitafuta kibandani na chini ya mzani. Hatimaye Yasmini aliangalia barabarani. Bariki alikuwa ameshatangulia, jiwe begani, akielekea Kibirizi.