Kipachiko cha Bi Somoe

Kinanda kilichokuwa bubu kwa miaka thelathini na minane kilianza kulia saa tatu asubuhi, katika ghorofa ya pili ya Karakana ya Sauti mjini Mtwara. Hakikuwa kinanda cha mbao. Kilikuwa kipachiko, programu ndogo isiyoweza kusimama peke yake. Lazima ipachikwe ndani ya programu kubwa ya kurekodia muziki, na humo ndimo ipige, iimbe au ichuje sauti. Zamani kila kampuni ilikuwa na umbizo lake, yaani namna yake ya kuzungumza na vipachiko, na kipachiko cha huyu hakikuelewana na programu ya yule. Ilikuwa kama kusimama na plagi ya pini mbili mbele ya soketi ya matundu matatu. Kwenye soketi wazee wetu tunawajua, walichomeka kalamu tundu la juu mambo yakaenda. Kwa vipachiko hapakuwa na kalamu ya kuchomeka, na kampuni ilipokufa ilizikwa na muziki wa watu.

Aliyeipata kalamu hiyo ni mhandisi Sharifa Nandonde. Aliiita Patanishi. Ilikuwa mashine yenye ukubwa wa friji ndogo na akili ya kutosha kukaa kati ya kipachiko cha kale na programu ya kisasa, ikisikiliza huku na kujibu kule, hadi kila upande uamini kwamba unazungumza na ndugu yake. Ikishaelewa, iliandika kipachiko upya katika umbizo la pamoja na kukiweka katika Ghala, ambako fundi yeyote, wa Mtwara au wa Maputo, aliweza kukichukua akakitumia.

Kanuni hiyo ya Ghala, kwamba kila kinachofufuliwa kiwe cha wote, Sharifa aliipigania mwenyewe. Baba yake alikuwa mpiga gitaa, na rekodi zake zote zilikwama ndani ya programu isiyofunguka tena. Alipofariki, binti hakuwa na hata wimbo mmoja wa kumkumbukia. "Sitaki mtu afiwe mara mbili," alizoea kusema, na kwa hilo nani angemlaumu.

Siku hiyo hiyo ya kinanda, mama mmoja alipanda ngazi polepole akiwa amekumbatia kompyuta ya kale iliyofungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mama," Sharifa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayefufua?"

"Najaribu."

"Basi huyu hajafa bado, ila anakoroma." Aliiweka kompyuta mezani. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, maana miaka miwili nyuma alipasuliwa koo, na tangu hapo aliweza kusema lakini hakuweza kuimba.

Huyo alikuwa Bi Somoe Mchopa. Mtaa mzima wa Chikongola ulimjua kwa kazi ya usomo: ndiye aliyewaingiza mabinti ndani, akawacheza unyago na kuwafunda mambo ya utu uzima. Wachache walijua kwamba ujanani, kabla mashine hazijaanza kujiandikia programu, aliziandika kwa vidole vyake mwenyewe. Mwalimu wake, Bi Nampoto, alipokaribia kufa, Bi Somoe alikaa naye akanasa sauti yake, akaitengenezea kipachiko. Ndani ya kipachiko hicho ulikuwamo wimbo wa ndani, ule ambao binti huusikia mara ya kwanza mlango ukiwa umefungwa, na kwa kuwa hajapata kuusikia popote, humwingia. Maneno yake siyaandiki hapa. Msomaji aliyechezwa ataelewa, na asiyechezwa hayamhusu.

"Mwezi wa kumi na mbili nina wanawali saba," alisema Bi Somoe. "Wote wametimiza miaka kumi na minane. Koo langu ndilo hilo unalolisikia. Nataka Bi Nampoto aimbe kwenye kompyuta mpya."

"Ataimba, mama."

"Na unajua ni kitu gani hiki."

"Najua. Nami nilichezwa, kule Lindi."

Wakaishia hapo. Mambo ya ndani hayasemwi, na hata kusema kwamba hayasemwi ni kuanza kuyasema. Bi Somoe aliona amezungumza na mwanamke mwenzake, yatosha. Sharifa aliona kanuni ya Ghala imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa kama sinia, yatosha.

Kazi iliishinda Patanishi kwa siku mbili, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Kila kilipopachikwa, kipachiko kiliuliza programu: wewe nani? Programu ilipotaja jina lake, kilinyamaza kimya. Sharifa alilitazama tatizo hilo kama mafundi wote wa sauti wanavyolitazama. Kwao, kisichopatana ni kibovu. Alishaona vipachiko vingi vya namna hiyo, kazi za watengenezaji wavivu waliojaribu kitu kwenye programu moja tu wakaenda kulala. Akaiagiza Patanishi ijitaje kwa jina la programu ya zamani ya Bi Somoe, iliyoitwa Kibao na ambayo ilishatoweka duniani.

Wewe nani? kiliuliza kipachiko.

Mimi Kibao, ilijibu Patanishi.

Bi Nampoto akaimba. Sharifa alikuwa peke yake, vipokea sauti masikioni, na machozi yalimtoka kabla ya ubeti wa pili. Alijiona tena na miaka yake kumi na minane, kichwa kimeinama, mkono wa shangazi yake begani. Alipomaliza kujifuta macho alibonyeza kitufe cha kukamilisha na kupeleka Ghalani, kama alivyobonyeza kwa vipachiko elfu tatu vilivyotangulia, akaenda kula.

Wiki sita baadaye alikuwa akisubiri treni ya juu karibu na soko kuu. Kioski kinachojiendesha kilikuja taratibu kikiuza sharubati ya mabungo, na katika spika yake, ili watu wageuke, aliimba Bi Nampoto. Maneno yalikuwa yale yale. Mtunzi mmoja wa matangazo aliukuta wimbo Ghalani, akaupenda, akaweka ngoma chini yake na jina la sharubati mwishoni. Watu walikuwa wakitikisa miguu. Mwanamume mwenye mkoba wa ofisini aliitikia kiitikio huku akitafuta tiketi yake, wala hakuwa na habari kwamba anaimba. Sharifa alihisi aibu iliyomchoma hadi masikioni, kana kwamba ni yeye aliyesimamishwa pale bila nguo.

Alirudi karakana mbio. Kipachiko kilishachukuliwa mara elfu tisa mia nne na kumi na mbili. Alikiondoa Ghalani dakika ile ile, ingawa alijua kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kisha akaenda Chikongola, kwa miguu, ili asifike haraka.

Bi Somoe alikuwa barazani akichambua choroko. Sharifa aliketi chini kwenye mkeka, akamweleza yote, hakuficha.

"Kilikuuliza jina?" Bi Somoe aliuliza.

"Kiliniuliza."

"Ukakijibu nini?"

"Nilikidanganya, mama. Nilidhani ni ubovu."

"Ule ulikuwa mlango." Bi Somoe aliendelea kuchambua choroko zake. "Miezi minne niliujenga. Kompyuta haijui mwanamume ni nani, wala mtoto ni nani, nitaiambiaje iwatoe nje? Nikaandika tu kwamba kisiimbe popote ila ndani ya Kibao, na Kibao hicho kiwe kimoja, chumbani kwangu. Mafundi wote walinicheka. Wakasema kazi yangu haipatani na za wenzangu. Nikawaambia, asanteni."

"Ungeniambia," Sharifa alisema, na neno lilipomtoka alitamani alirudishe.

"Ningekuambia kwa mdomo upi?" Bi Somoe hakukasirika. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba. "Na bango lako ukutani nililisoma. Macho ninayo. Nikajisemea, huyu kachezwa, bango hili ni la wengine. Tumekosa wawili, mwanangu."

"Tunaweza kuahirisha? Watu watausahau. Matangazo hayadumu."

"Mmoja wa wale saba anaolewa Januari. Tena huenda hawajausikia. Watoto wa siku hizi masikio yao yamejaa mengi." Alipepeta ungo, maganda yakaruka. "Njoo nawe siku hiyo. Ukae na wanawake."

Sharifa alikwenda. Chumba kilikuwa na wanawake kumi na wanne, wote wa makamo, na mabinti saba walioketi mstari mmoja juu ya mkeka mpya, vichwa vimefunikwa kanga, wamenyamaza kwa hofu ile nzuri inayotakiwa. Madirisha yalifungwa, mlango ukafungwa. Simu zilikusanywa ndani ya sufuria na kufunikwa. Bi Somoe alisimama katikati akasema na mabinti kwa sauti yake ya kukwaruza, akawaambia kwamba watakachosikia sasa mama zao walikisikia katika umri huu huu, na kabla ya hapo hawakuwahi. Kisha akagusa kompyuta mpya.

Bi Nampoto alianza. Mstari wa kwanza ulipita, na Sharifa akaanza kupumua. Katika mstari wa pili kanga moja ilitikisika, halafu ya pembeni yake. Binti wa tatu aliinua kichwa akawatazama wenzake, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Kiitikio kilipofika waliimba wote saba. Waliimba vizuri, bila kukosea neno, na mikono yao ikainuka pamoja kama ya watu wanaoshika glasi.

Wanawake walimtazama Bi Somoe. Hakuwakatiza mabinti. Aliwaacha wafike mwisho, kwa kuwa wimbo ule haukatizwi, naye hakutaka kuwa wa kwanza kuuvunja.

"Nani kawafundisha?" aliuliza.

"Sharubati ya mabungo, somo," alijibu yule wa tatu, akiwa bado anatabasamu, halafu akaziona nyuso za wakubwa na tabasamu likamwisha. "Tumekosea?"

"Hamjakosea kitu, mwanangu." Bi Somoe aliinama akamrekebishia kanga kichwani, akakaa hivyo kidogo, mkono wake juu ya kichwa cha yule binti. Kisha akanyooka. "Fungueni mlango," alisema. "Joto humu ndani, na hakuna tena cha kufungia."

Aliyekuwa karibu na mlango ni Sharifa. Aliinuka akaufungua.