Farasi Aliyeuzwa na Blanketi

Haya yalimpata mdogo wangu, wa tumbo moja na ziwa moja, kwa hiyo sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho haya ambayo daktari anasema yana mtoto wa jicho. Na awepo huyo mtoto. Farasi ni mkubwa, haonwi kwa miwani.

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Nilikuwa uani naanika mashuka, jua limekaa vizuri, mdogo wangu akaingia na farasi mpya. Kazi yake ni kupeleka matofali kwa gari la farasi, kutoka kiwandani hadi kwa wajenzi, na farasi wake wa zamani alikuwa amekufa kwa uzee. Gari bila farasi ni benchi. Basi alikusanya akiba yake yote akaenda kununua mwingine, na hakuwa na uwezo wa kubahatisha.

"Dada, njoo umwone!" akaita, meno yote nje.

Farasi alikuwa mwekundu, mrefu, singa zimechanwa kama nywele za bibi harusi. Mgongoni alifunikwa blanketi la kijivu, limefungwa kwa kamba chini ya tumbo.

"Hilo blanketi la nini?"

"Kibiongo kasema ana mafua kidogo. Nisimvue mpaka tufike nyumbani apumzike."

Damu ikanipanda. Watu wa magari ya farasi, tangu enzi za babu yetu, hununua farasi uchi. Unamvua kila kitu kabla hujampa muuzaji mkono. Unatazama meno, unanyanyua kwato, unambonyeza mgongo, unamkimbiza usikie pumzi. Hata kamba unakwenda na yako. Mdogo wangu alilijua hilo kabla hajaota ndevu. Lakini alikuwa kashapenda, na kipendacho roho hula nyama mbichi.

"Umenunua farasi kavaa nguo," nikamwambia. "Wanawake wamekukataa, naona umeamua kuoa."

Akacheka. "Dada nawe! Kibiongo si mwizi. Halafu hujui, kapona yule. Kanyooka kama mlingoti."

Kibiongo ni muuza farasi wa mtaa wa pili. Jina hilo alipewa kwa kuwa miaka yote alitembea kainama kama anayetafuta sindano. Kunyooka kwake hakukunihusu. Nilichukua kisu, nikakata kamba, nikalivuta blanketi.

Mdogo wangu akaacha kucheka.

Huku na huku ya uti wa mgongo palikuwa na vidonda viwili vipana, vimelowa. Kwenye mbavu, kila upande, alama za kisigino. Alama juu ya alama, za chini zimekauka, za juu mbichi. Moja ilikuwa bado inachuruzika damu.

Na farasi huyo alikuwa ameongozwa kwa kamba njia nzima, hakuna aliyempanda.

Daktari wa mifugo, binti mmoja mkavu asiye na salamu ndefu, alikuja siku hiyo hiyo. Akamsikiliza kifua.

"Mapafu mazima. Hana mafua huyu. Ila moyo..." Akasikiliza tena. "Moyo unakwenda kama yuko mbioni."

"Kasimama," nikasema.

"Naona kasimama, bibi." Akampapasa mgongo, uliokuwa umebonyea kama godoro la zamani. "Anapandwa na mtu mzito. Mwacheni apumzike, la sivyo hamalizi wiki."

"Hapandwi na mtu."

"Basi mimi nilisomea ushonaji," akasema, akafunga mkoba wake.

Alituachia dawa ya kupaka. Nilimpaka mwenyewe, nene, nyeupe kama siagi. Kulipokucha dawa ilikuwa imefutika. Si yote. Ilifutika pale tu ambapo makalio na mapaja ya mpandaji hukaa.

Nikajua kuna mhuni anayempanda kwa siri. Kila mtaa una mhuni wake. Basi mchana nilichukua kigoda na nguo ya kushona, nikakaa mlangoni pa banda, mpini wa jembe pembeni yangu. Jua lilikuwa kali, hata kuku walikuwa wamejilaza. Farasi alikuwa anakula majani.

Akaacha kula.

Masikio yakalala nyuma. Miguu ikatanuka. Mgongo ukashuka taratibu, na tumbo likaguna, kama mtu anayetwishwa gunia.

Banda lilikuwa tupu.

Kichwa kikavutwa kushoto. Hakuwa na lijamu mdomoni wala hatamu, lakini pembe za mdomo zilivutika mpaka fizi zikaonekana. Akageuzwa. Akazungushwa banda zima, polepole, kwa madaha, kama farasi wa gwaride. Alipopita mbele yangu kitu kinachoning'inia kilinigusa goti.

Kilikuwa cha baridi. Kilikuwa na vidole. Nimeuguza watu wengi, nyayo nazijua.

Nitasema ukweli, sikukimbia. Nilikasirika. Anayekutisha bila hata kukuonyesha uso huyo hana adabu. Nilichukua mpini nikaupitisha juu ya mgongo wa farasi kwa nguvu zangu zote. Ukapita hewani. Farasi akaanza kutembea haraka zaidi.

Mdogo wangu hakutaka kusikia. Alisema nimepigwa na jua. Nikamwambia sawa, jua limenipiga mimi, halijaipiga mizani. Kiwandani kwao kuna mizani ya chini, ile ya kupimia magari ya matofali. Twende.

Tukampandisha farasi peke yake juu ya bamba la mizani, bila gari, bila hata kamba shingoni. Karani wa mizani, kijana mpenda mzaha, akachungulia kidirishani.

"Bibi, huyu mnamlisha matofali? Mshusheni huyo mtu kwanza ndiyo nipime."

"Mtu gani, unamwona?"

"Simwoni. Ila mizani inasema yupo." Akatoka, akamzunguka farasi, akachungulia chini ya tumbo. "Labda kammeza."

Mdogo wangu alikuwa amesimama chini, pembeni ya bamba. Ndala ikamvuka mguuni. Akainama kuivaa.

Mshale wa mizani ukashuka.

Farasi akanyanyua mgongo, akavuta pumzi kama aliyeibuka majini. Na mdogo wangu hakuinuka. Alibaki kainama, mikono magotini, mishipa ya shingo imemtoka.

"Dada," akanong'ona. "Dada, nani kanikalia?"

Nilimshika kwapani nikavuta. Nilimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, nilimnyanyua alipovunjika mguu. Siku hiyo hakunyanyuka. Kwenye shingo yake ngozi ilibonyea, hapa na hapa, kama inavyoshikwa na mikono miwili.

Halafu mshale ukapanda. Farasi akaguna. Mdogo wangu akaanguka kifudifudi, huru.

Alikuwa kajaribiwa tu, kama mtu ajaribuvyo kiti dukani.

Karani alirudi chumbani kwake akafunga dirisha. Mzaha ulikwisha.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini hesabu hiyo haikunishinda. Farasi hamalizi wiki. Akifa, aliyempanda atataka mgongo mwingine, na wa mdogo wangu alishauona unafaa.

"Tunakwenda kwa Kibiongo," nikasema. "Tembea wima. Ukiangusha kitu, kiache. Ukiinama nitakuvunja meno."

Akaacha ndala pale pale, tukamwongoza farasi, tukaenda.

Kibiongo tulimkuta anapaka rangi lango lake. Alikuwa amenyooka kweli, kifua mbele kama jogoo. Sikubisha hodi. Nilimwita mwizi, mchawi na mwana wa mchawi, kwa sauti kubwa mpaka mtaa mzima ukatoka kuja kutazama. Watu wakajipanga nje ya lango, wengine na watoto, nyuso zimechangamka. Ugomvi wa bure nani asiyeutaka.

"Punguza sauti, mama," Kibiongo akanong'ona. "Atakusikia."

"Nani?"

Akainua macho. Hakumtazama farasi. Alitazama juu yake kidogo, pale ambapo uso wa mtu ungekuwa. Akayashusha haraka.

"Ulijua," nikasema.

"Nilimbeba tangu siku tuliyomzika baba. Na baba alimbeba, sijui tangu lini. Mwisho nilimpata farasi mwenye mgongo mzuri kuliko wangu, akahamia. Lakini farasi akibaki kwangu, akifa angerudi. Ilibidi mtu amchukue kafunikwa, kwa hiari yake, bila kutazama. Mdogo wako angemvua blanketi hapa, biashara isingekuwa."

"Na mdogo wangu alikukosea nini?"

"Mgongo ulikuwa unaniuma, mama."

"Mgongo wa nani hauumi?" Nilimkamata kola. "Mchukue. Mpande uondoke naye."

"Siwezi." Akaonyesha mgongo wa farasi kwa kidevu. "Hakuna nafasi."

Hapo magoti ya farasi yakakunjika. Alishuka taratibu, kama aliyeambiwa apige magoti ili mtu ateremke. Akalaza shingo mchangani. Ubavu ukapanda mara moja, ukashuka, haukupanda tena.

Kibiongo alijitupa chini chali, mgongo kaugandamiza ardhini, kopo la rangi likammwagikia. Nikaelewa. Nilimsukuma mdogo wangu ukutani, nikaegemea kando yake, migongo yetu imegusa matofali.

"Usitikisike."

"Dada..."

"Nyamaza."

Nje ya lango mtu akapaza sauti, "Oneni Kibiongo kalala chali kama mende!"

Mtaa ukalipuka. Mzee mwenye mali kajipaka rangi kama ukuta, bibi kizee na ndugu yake wameganda kama wezi waliokamatwa. Walicheka mpaka wakajishika matumbo. Walicheka mpaka wakajiinamia.

"Simameni wima!" nikapiga kelele. "Wajinga nyie, simameni wima!"

Wakacheka zaidi. Wakainama zaidi.

Kidogo kidogo kicheko kikaisha, wakaondoka wakifuta machozi, kila mmoja kwake. Kibiongo akainuka. Akajishika kiuno, akajinyoosha, akageuka kushoto na kulia. Akatabasamu.

"Haya mama, yamekwisha. Si mimi, si ndugu yako."

Nilimzaba kibao ambacho mpaka leo kiganja changu kinakikumbuka. Sijuti.

Farasi alizikwa kule kule. Mdogo wangu siku hizi hulivuta gari la matofali mwenyewe, na mgongo wake ni mzima, nimeukagua. Lakini kabla hatujatoka pale alinivuta mkono, akanionyesha mchanga.

Kulikuwa na nyayo. Zilianzia ubavuni mwa farasi, za mtu asiye na viatu, zimezama kama mashimo ya nguzo. Zilivuka ua, zikatoka langoni, zikaingia kati ya alama za ndala pale watu walipokuwa wamesimama. Hazikuwa na haraka. Zilisimama nyuma ya mmoja, zikasogea. Zilisimama nyuma ya mwingine, zikasogea. Zikafika mahali penye alama za viatu vidogo vya mtoto, zikakaa hapo muda, mchanga umekanyagika.

Mbele kidogo kulikuwa na unyayo wa mwisho. Ulikuwa mmoja tu, wa kulia. Vidole vimezama sana, kisigino hakikugusa chini, kama cha mtu anayepanda farasi.

Wa kushoto tuliutafuta mtaa mzima, hatukuuona.