Siku Niliyomkana Salimu kwa Ajili ya Kombe

Mimi ni Mwanaidi binti Shekue. Baba yangu ni Shekue bin Mbaruku, mama yangu ni Mize binti Juma, nami nilizaliwa Moa. Umri wangu umepita miaka sabini. Sikupelekwa shule. Haya anayaandika mjukuu wangu Zuhura, binti wa Bakari, nami nimemwamuru asiyapambe.

Ndugu wasomaji, shule ya sekondari iliyo jirani nasi hapa Nguvumali inakusanya historia ya timu yake ya mpira. Walikuja kuniuliza kwa kuwa zamani nilikuwa nikiwafulia jezi. Habari za vikombe watazipata kwa wengine. Mimi nina langu...

Nilikuwa mjane wa Athumani, mwenye wana wawili. Salimu, mdogo, alifaulu kuingia shule hiyo, lakini mpira hakuujua. Bakari, mkubwa, hakufaulu. Alikuwa akipakia machungwa Muheza, na mpira ulimtii.

Mwalimu wa michezo alikuja nyumbani. Alieleza kwa adabu kwamba shule haijawahi kutwaa kombe la mkoa. "Mama, tuazime jina tu," alisema. Bakari acheze kwa jina la Salimu.

Nilikubali. Kwa nini? Nilitaka nipitapo sokoni watu waseme, yule ndiye mama yake.

Basi kila siku ya mechi nilimfungia Salimu chumbani, asije akaonekana na wageni; wa shuleni walijua, wakaifunika siri. Uwanja haukuwa mbali. Bakari akifunga bao, watu waliimba jina la Salimu, naye Salimu yumo ndani, kitabu mapajani, anasikiliza. Jioni moja aliniuliza, "Mama, leo nimefunga mangapi?"

Nilimwambia anyamaze ale.

Mwaka wa kwanza kombe lilikuja. Mwaka wa pili fainali ilichezwa Muheza. Mpakizi mmoja wa machungwa alisimama kando ya mstari, akacheka kwa sauti: "We Bakari! Shule umeanza lini, na juzi tu umenitwika tenga lako ukakimbilia chai?" Watu wakacheka. Mwamuzi hakucheka.

Kesho yake tuliitwa mbele ya kamati ya mashindano, nami nikaagizwa nije na vijana wote wa nyumbani kwangu. Mlangoni mwalimu alininong'oneza kwamba nikisema kweli, kombe litapotea na Bakari atapelekwa polisi. Ndani, wanangu walisimama bega kwa bega. Mkubwa wa kamati akauliza yupi ni Salimu. Nikamnyooshea kidole Bakari.

"Na huyu wa pili?"

"Mtoto wa dada yangu. Amekuja kututembelea."

Mkuu wa shule, aliyemjua Salimu vizuri, aliinamia meza.

Yule mkubwa hakuridhika. Alifungua daftari la darasani la Salimu, akawapa wote wawili karatasi na kalamu, waandike, alinganishe miandiko. Bakari aliandika kwa taabu. Salimu alishika kalamu, akanitazama... kisha akaiweka mezani.

"Mimi si Salimu," alisema. "Mama keshasema. Mama hasemi uongo."

Mwandiko wa Bakari haukufanana na wa daftari. Kombe likachukuliwa, shule ikafungiwa kushiriki mashindano, na jina la Salimu likafutwa shuleni kwa udanganyifu. Juma lile lile alivuka kwenda Pemba kuchuma karafuu. Bakari hajagusa mpira tena.

Salimu hunipigia simu kila Idi. Husema, "Shikamoo, Bi Mwanaidi." Nami huitikia, marahaba. Je, nimlaumu nani?

Sikulia siku ile, na sijalia hadi leo. Wengine huniona nina moyo mgumu. Mimi nauona kama mguu uliokufa ganzi: u wangu, lakini siusikii.

Enyi wazazi, msichukue cha mtoto mmoja mkampamba nacho mwingine. Mtoto husamehe njaa. Kukanwa na mamaye, sijui.

Zuhura, nakala moja ipeleke shuleni. Wakitaka kuiondoa habari ya kamati, irudishe nyumbani yote. Nakala ya pili mpelekee baba yako mdogo Pemba, kwa mkono wako. Juu yake andika: Salimu bin Athumani, mwana wa Mwanaidi. Asipoipokea, usimbembeleze. Itunze wewe, na watoto wake wakija kuuliza nyumbani kwao ni wapi, wape.