Shuka, Umefika

YAH: KUTORIDHISHA KWA UBARIDI WA KIYOYOZI, GARI NAMBA 14 (MATUMIZI MCHANGANYIKO)

Hicho ndicho kichwa cha jalada, na aliyekiandika ni mimi, kwa kuwa halmashauri yetu hairuhusiwi kusikia joto mpaka joto lenyewe lifunguliwe jalada. Ilikuwa Jumanne ya Februari, digrii arobaini na moja kivulini. Dereva wetu Bhekani alikuja dirishani kwangu jasho likimtiririka.

"Mkubwa, lile gari linapuliza kama ng'ombe mgonjwa."

"Linapuliza moto?"

"Linapuliza, basi. Baridi hamna. Andika unavyojua wewe, mimi nimeshaiva."

Nikaandika, nikagonga muhuri, nikaliendesha mwenyewe hadi kwa baba yangu mdogo, Zwelibanzi Mthembu, ambaye wilaya nzima ilimwita Mvelase kwa jina la sifa la ukoo wetu. Kamati ya manunuzi ilijua fika kuwa ni ndugu yangu. Ila hapakuwa na fundi mwingine wa viyoyozi wa kumpa kazi hiyo, kwa hiyo kamati ikaamua kutojua.

Baba mdogo aliishi peke yake nyuma ya karakana yake ya mabati. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na wanawe wa Durban walimpigia simu Krismasi. Kila nilipotaka kuaga, alikumbuka skrubu fulani ya ajabu ambayo lazima nionyeshwe kwanza. Nami, Mungu anisamehe, skrubu nyingi sikuzitazama.

Siku hiyo alifungua boneti, akaunganisha geji zake. Gesi ilikuwepo, pande zote mbili. Kompresa ilishika vizuri. Feni ya mbele ilizunguka. Aligusa bomba linaloingia ndani ya gari, akakuta linatoka jasho la baridi kama chupa ya bia.

"Sikia, mwanangu," akasema. "Baridi inatengenezwa. Haifiki tu."

"Inapotelea wapi?"

"Ndiyo nauliza. Kuna mtu anaila njiani."

Akacheka peke yake. Akazunguka upande wa abiria, akapiga magoti, akang'oa kisanduku cha dashibodi. Chujio la hewa lilikuwa safi. Akachomoa kifuniko cha feni ya ndani, akaingiza mkono hadi kiwiko.

"Aah! Limeniuma!"

Mkono ulitoka na tone la damu, na vidole vimeshika kitawi kikavu chenye urefu wa kalamu. Miiba yake ilikaa miwili miwili, mmoja umenyooka, mwingine umepinda kurudi nyuma.

Angepaswa kujua. Kwetu hata mtoto anaujua mti wa mphafa, nduguye mkunazi, na anajua unakatwa kwa kazi gani. Lakini fundi akishaingia ndani ya gari haoni mti, anaona uchafu. Alikipeperusha kile kitawi mbele ya uso wake na kusema kwa mzaha, kama anayemteremsha abiria:

"Haya, baba. Shuka, umefika."

Akakirusha rafuni.

Kiti cha abiria kikapumua. Siwezi kukieleza vingine. Kilikuwa kimebonyea, nasi hatukuwa tumegundua kwamba kimebonyea mpaka kilipoinuka, taratibu, kama mtu mzito ameshuka. Kisha upepo ukabadilika. Kipimajoto alichokuwa amekichomeka kwenye tundu la hewa kikaanza kushuka. Thelathini. Kumi na mbili. Nne.

"Umeona?" akanong'ona. Hakuwa akitazama kipimajoto.

Nikajaza fomu: *Majani na uchafu wa kawaida. Limetengenezwa.* Tulipoinama kuokota vifaa, niliona nyayo za buti kwenye vumbi, kutoka mlango wa gari hadi kwenye rafu. Sote wawili tulikuwa tumevaa ndala.

Wiki moja baadaye nilirudi kutafuta saini ya nakala ya tatu. Nje lami ilikuwa inayeyuka. Ndani ya karakana, chini ya mabati yale yale, baba mdogo alikuwa amevaa sweta. Juu ya meza palikuwa na vikombe viwili vya chai.

"Una mgeni, baba?"

"Hapana." Akakoroga kikombe cha pili. "Huyu anapenda sukari nyingi."

"Nani?"

"Keti, mwanangu. Sio hapo."

Nikabaki nimesimama. Alionekana mwenye furaha, na hilo ndilo lililonitisha. Midomo yake ilikuwa imepauka, rangi ya majivu, na alipozungumza pumzi yake ilitoka kama moshi. Alisaini. Niliaga, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakunionyesha skrubu yoyote.

Siku ya pili yake MaNgcobo, mjane wa ukoo wa Mkhize, alikuja dirishani kwangu. Mwanawe Sandiso alikuwa dereva wetu wa greda, na alikuwa amefia katika hospitali moja ya Johannesburg mwezi wa Desemba. Mwili uliletwa na watu wa mazishi. Lakini mwili huja bila mwenyewe. Mwenyewe lazima akafuatwe mahali alipokata roho, kwa tawi la mphafa, akalie tawi hilo kama abiria hadi nyumbani. Halmashauri ilitoa Gari Namba 14 kwa safari hiyo. Fomu niliijaza mimi: *abiria, wawili na mmoja*. Kamati ya usafiri ilijadili kwa saa nzima kama huyo mmoja afungwe mkanda, ikaazimia afungwe. Mama mtu alimweka kiti cha mbele, maana dereva hawezi kukaa nyuma.

"Mvelase," akaniambia, sauti iko chini, "mwanangu hajafika."

"Mama, si mlimfikisha wenyewe?"

"Tuliweka tawi kwenye umsamo, pale ndani ya nyumba, upande wa nyuma, wanapokaa wazee wetu waliotangulia. Tukaweka pombe, tukaweka nyama. Havijaguswa. Jana ndiyo nikalitazama lile tawi vizuri. Ncha yake imevunjika." Akashika nondo za dirisha. "Ananijia usingizini. Anasema, mama, mbona umeniacha kwenye vyuma? Anasema kuna mzee anamshika mkono, hamwachii."

Nilimpeleka karakana. Angalau hilo nililifanya.

Baba mdogo alisimama mlangoni, hakutupisha. Mama yule akapiga magoti kwenye vumbi la moto.

"Baba, natafuta kitawi kidogo tu. Kilitoka kwenye lile gari."

"Sikuona kitawi."

Nyuma yake, gizani, kitu kiligonga bati. Polepole. Kama mtu anayegonga kutoka ndani ya sanduku.

"Sandiso?" mama akanong'ona, kisha akamwita kwa jina la sifa la akina Mkhize. "Khabazela wangu?"

Kugonga kukazidi.

"Ni panya hao," akasema baba mdogo. Akanitazama. Machozi yalikuwa yamemganda kwenye kope, nasema yameganda. "Mwambie mama, mwanangu. Ulikuwepo. Uliandika wewe."

Nami nikasema, "Yalikuwa majani tu, mama."

Akainuka, akajifuta magoti, akaenda zake. Hakutukana. Angetukana ningelala.

Usingizi ulinikataa siku tatu. Siku ya nne, asubuhi, nilikwenda kwa MaNgcobo, nikapiga magoti mimi, nikasema kila kitu. 

"Wewe ulikiona kilipotupwa," akasema. "Basi wewe ndiye utakayekileta. Sikiliza. Ukishakishika, usiseme na mtu aliye hai mpaka ufike kwenye umsamo. Ukijibu salamu moja tu, atapotea moja kwa moja, nami sitakuwa na pa kumtafuta. Sema naye. Mwambie mnapovuka mto, mwambie mnapopanda mlima. Na usigeuke nyuma."

"Na baba mdogo je?"

"Baba yako amekula baridi ya marehemu siku ngapi hizi? Nenda, mwanangu. Upesi."

Niliingia karakana saa tano. Mlango ulikuwa wazi. Baba mdogo alikuwa ameketi ndani ya gari bovu lililowekwa juu ya matofali, kiti cha dereva, amenipa kisogo, sweta hadi shingoni. Mkono wake wa kushoto ulilala juu ya kiti cha abiria, kiganja kimefumbata hewa. Sikumsemesha, nikihofia asije akanizuia. Kitawi kilikuwa rafuni, kimefunikwa kwa leso safi ya marehemu mkewe. Kilikuwa kizito. Kizito kama mkono wa mtu.

"Twende, Khabazela," nikanong'ona. "Twende nyumbani."

Nilikuwa nimefika getini niliposikia ndala zikiburuta nyuma yangu.

"Mwanangu."

Nikazidi kutembea.

"Mwanangu, unakwenda naye wapi? Basi mimi nibaki na nani?"

Nikafungua mlango wa Gari Namba 14. Nikakiweka kitawi kiti cha mbele, nikakifunga mkanda. 

"Nijibu tu," akasema. Alikuwa karibu sana sasa, nilihisi ubaridi shingoni. "Hata neno moja. Mwanangu."

Nikawasha gari. Kilomita ishirini nilizungumza na kitawi. Tunavuka mto, Khabazela. Tunapanda mlima. Kiyoyozi kilipuliza joto njia nzima, na sikukizima, kwa kuwa nilijua baridi inakwenda wapi. MaNgcobo alikuwa langoni. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiingiza, akakilaza kwenye mkeka mpya aliokuwa amemtandikia mwanawe. Ng'ombe zizini wakalia wote kwa pamoja, kisha wakanyamaza.

Asubuhi nyama ilikuwa imeguswa. Lakini mkeka ulikuwa na mabonyeo mawili, bega kwa bega. La kwanza lilikuwa safi. La pili lilikuwa na alama ya grisi nyeusi, na MaNgcobo ameusugua mkeka ule kwa sabuni na jivu, na alama haitoki.

Baba mdogo walimkuta mchana wa siku ile ile niliyochukua kitawi, ndani ya gari bovu, amekaa kama nilivyomwacha. Daktari wa wilaya aliandika kwamba ameuawa na joto, kwa kuwa ilikuwa Februari na fomu ya Februari haina sababu nyingine. Saa ya kifo aliiandika saa kumi na moja alfajiri ya siku hiyo, na nilipomwomba aitazame upya alinionyesha jinsi mwili ulivyokwisha kukakamaa, akasema haina shaka. Mimi niliingia karakana saa tano asubuhi.

Nilikatazwa kusema na walio hai tu. Baba yangu mdogo aliniita mara tatu, nami sikumjibu.