Kibao Kisicho na Mwenyewe

Watu saba waliingia handakini asubuhi, saba wakatoka, na kila mmoja akachukua kibao chake pale ubaoni. Kikabaki kimoja. Kilikuwa kimelowa chapachapa na hakikuwa na jina.

Mama Lango akakikodolea macho. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akilinda lango la chuma la handaki lile la kutolea maji ya mgodi. Sheria aliijua: kibao kikiwa ubaoni, kuna mtu ndani, na lango halifunguliwi, maana maji yatamsomba.

Simu ya mgodini ikalia.

"Dada, fungua!" Alikuwa mdogo wake. "Maji yametufika kifuani, na tuko ishirini huku!"

"Nafungua sasa hivi."

Akalishika gurudumu la lango. Hapo ndipo kitu kilipogonga kutoka handakini, taratibu, mara tatu, kisha ikaja harufu ya nguo zilizovundia majini, kisha baridi iliyompanda miguuni mchana kweupe, na nyuma ya baridi ile sauti ya mumewe, ambaye maji yalimchukua humo humo miaka mitatu nyuma na mwili wake haujaonekana hadi leo.

"Mke wangu, usifungue. Bado nimo ndani."

"Mama, tusifungue," msimamizi wa zamu aliyesimama kando yake akanong'ona, meno yakimgongana. "Kuna mtu humo."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Alimkumbuka mumewe, jamani, alimkumbuka mpaka kifua kikamuuma. Lakini yule bwana hakuwahi kumwita "mke wangu" hata siku moja. Alimwita kwa jina la utani, la chumbani kwao tu, ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

"Niite jina langu," akasema.

Maji yakadondoka.

"Mke wangu…"

"Mshenzi mkubwa we! Umenilia mume, sasa unamtaka na mdogo wangu?"

Akaking'oa kile kibao, akakitupa gizani, akazungusha gurudumu kwa nguvu zote. Maji yakashuka yakinguruma, na ndani yake kitu kikapiga ukelele mrefu mpaka ukapotelea mbali. Jioni watu ishirini walitoka mgodini wazima.

Kesho yake, kabla hajaingia mtu, kibao kilikuwa ubaoni tena, kinachuruzika maji. Safari hii kilikuwa na jina. *Kifaru.* Lile lile la chumbani.

Mama Lango alilisoma mara mbili, machozi yakimlenga.

"Umechelewa," akasema kuelekea handakini. Akakivunjia gotini, akaenda kufungua lango.