Kura Aliyoahidi Eliseo

Nereida alimkanyaga kijana wa watu katikati ya gulio la Jumapili, Palo Seco, Arizona. Alikuwa amekumbatia rundo la vipeperushi, jasho limelowesha gauni lake la njano.

"Samahani, kaka. Utapiga kura?"

"Umenivunja kidole, halafu unaomba kura?" Eliseo alicheka, hindi la kuchoma mkononi, shati jeupe limenyooka kwa pasi. "Kwani unagombea?"

"Hata kupiga siruhusiwi. Nililetwa huku mchanga, sina makaratasi ya uraia. Wewe kama unayo, usiyakalie tu!"

Tangu siku hiyo simu hazikupoa. "Umekula, malkia?" "Nitakulaje na wewe hujanipigia?" Mchana Nereida aligonga mlango kwa mlango akiwabembeleza Walatino wenzake wajitokeze, maana mgombea mmoja wa ukuu wa polisi wa kaunti aliapa kuwafagia barabarani wasio na makaratasi. Na mama yake Nereida, Doña Crescencia, naye bila makaratasi, aliendesha gari kila siku kwenda kufua mashuka hotelini.

"Tupigie kura, mimi na Mama," alimwambia Eliseo.

"Mpenzi, hilo nalo la kuomba?"

Siku ya uchaguzi Eliseo alikuja na kibandiko kifuani, kile wanachopewa waliopiga: Nimepiga Kura. Doña Crescencia alimbusu kwenye paji la uso, akamwita mwanangu.

Yule mgombea akashinda, kwa kura za kuhesabika. Februari, Doña Crescencia alisimamishwa na polisi barabarani kwa sababu ya taa mbovu ya gari. Wiki haikuisha, alikuwa amefukuzwa ng'ambo ya mpaka, na aproni yake ya kazini.

Eliseo alimfuta Nereida machozi, akamvisha pete. Kwenye chakula cha uchumba, binamu wa Eliseo, Fausto, bia zimemkolea, akapiga meza.

"Shemeji, nishukuru mimi! Kile kibandiko kilikuwa changu. Huyu hata kituoni hakufika!"

Nereida alimgeukia Eliseo.

"Foleni ilikuwa ndefu, mpenzi," Eliseo alinong'ona. "Nikaona kura moja itabadilisha nini..."

"Ukaacha Mama akubusu."

"Mlikuwa na furaha. Ningesemaje?"

Nereida alivua pete, akaitumbukiza kwenye supu ya Eliseo, akatoka.

Njiani simu iliita. Alidhani ni Eliseo, akataka kuikata. Ilikuwa sauti ya Mama, kutoka ng'ambo.

"Binti yangu, huko mnakula? Na yule mwanangu aliyenipigia kura, hajambo?"

Nereida aliegemea ukuta.

"Hajambo, Mama. Anakusalimia."